Sauti Moja, Sauti Mbili au Kundi Zima? Kuchagua Riwaya ya Mapenzi ya Kusikiliza

Mlango unagongwa usiku. Mwanamke anafungua na kumkuta mwanamume aliyeondoka miaka miwili iliyopita bila kuaga. Anasema neno moja tu: "Umerudi."

Kwenye ukurasa neno hilo ni herufi saba na nukta. Msomaji hulipita haraka, akaliwekea hisia anayoitaka mwenyewe. Mpe msimulizi hodari uone litakavyogeuka. Akilitoa pamoja na pumzi ndefu, tunamjua mwanamke aliyekesha akisubiri. Akilikata katikati, tunamjua mtu aliyeapa hatalia tena na sasa machozi yamemtangulia. Akilisema kavu, bila kupandisha wala kushusha, tunajua kuna deni kubwa hapa na halitalipwa usiku huu.

Utamu wa vitabu vya sauti vya mapenzi uko hapo, na ndiyo maana mimi humwambia kila anayeanza kusikiliza: kabla hujachagua kitabu, chagua namna ya usimulizi. Nimeacha njiani riwaya nzuri kabisa kwa sababu zilisomwa kwa namna isiyozifaa, na nimemaliza riwaya za kawaida kwa furaha kwa sababu ya koo la aliyezisoma. Hadithi ya mapenzi haina fumbo la kutufichia mwisho. Tangu mwanzo tunajua wawili hawa watapatana. Tunachokifuata ni jinsi wanavyofika huko, na hiyo "jinsi" hubebwa na sauti kuliko kitu kingine chochote.

Kwa anayesikiliza Kiswahili kuna sababu ya ziada. Kitenzi chetu hakisemi kama mtendaji ni mwanamume au mwanamke. "Akamtazama, akamshika mkono, akamwambia aende." Nani kamshika nani? Nani anafukuzwa? Mwandishi wa kitabu cha kuchapwa hujiokoa kwa kurudia majina. Msimulizi mzuri hahitaji hata jina moja, kwa kuwa sikio lilishajua kabla sentensi haijafika mwisho.

Sasa tulipitishe tukio hilo la mlangoni katika kila namna ya usimulizi.

Msimulizi mmoja

Hii ndiyo namna kongwe na bado imeenea kuliko zote. Mtu mmoja anasoma kila kitu: maelezo, mwanamke aliyefungua mlango, mwanamume aliyesimama nje, hata jirani anayechungulia. Wengi huiogopa wakidhani mwanamke akisema maneno ya mwanamume itachekesha. Kwa msimulizi mchanga hofu hiyo ni ya haki. Hukaza koo ili ashushe sauti, na kijana mpole wa kitabuni akageuka jitu linalonguruma. Msomaji wa kiume naye huwabania sauti wanawake wote puani mpaka hujui yupi mpenzi na yupi shangazi.

Aliyeiva haigi jinsia, huiga mwendo wa mtu. Mhusika mmoja husema kama anayehesabu maneno, mwingine huyamwaga yote kwa pamoja. Mmoja hushusha mwisho wa sentensi, mwingine huuacha ukining'inia. Sauti yenyewe imebadilika kidogo tu, lakini baada ya dakika kumi msomaji ametoweka na wamebaki watu wawili mlangoni.

Kinachonifanya niipende namna hii kuliko nyingine ni kwamba kuna mtu wa tatu pale mlangoni: msimulizi mwenyewe. Anawajua wote wawili. Anajua mwanamume alikuwa akilifanyia mazoezi neno lake la kwanza njia nzima, na anajua mwanamke alishaziona taa za gari kabla hodi haijapigwa. Anaposoma maelezo kati ya maneno yao, unamsikia akiwahurumia. Kwa riwaya iliyoandikwa kwa nafsi ya tatu, hasa zile za zama za kale zenye adabu nyingi na maneno yanayomezwa, huruma hiyo ndiyo nusu ya kitabu. Msimulizi Rosalyn Landor amejijengea jina katika riwaya za mapenzi za kihistoria kwa kipaji hicho hicho. Hata mtumishi mwenye sentensi mbili tu hupewa uhai wake.

Mfano ninaoutoa kila mara ni Flowers from the Storm ya Laura Kinsale, riwaya ya 1992 ambayo toleo lake la sauti limesomwa na Nicholas Boulton peke yake. Mhusika mkuu ni bwana mkubwa wa Uingereza, msemaji fasaha mwenye majivuno, anayepatwa na kiharusi na kunyang'anywa maneno. Mpenzi wake ni binti wa madhehebu ya Kikristo ya Quaker, mwenye namna yake ya kusema inayomtenga na kila mtu anayemzunguka. Katika chapa, usemi uliovunjika wa yule bwana ni vipande vya maneno na vistari. Katika sauti unamsikia mtu mwenye akili timamu akilitafuta neno, akilikaribia, likimponyoka. Koo lile lile lililokuwa likitiririka sura za mwanzo ndilo linalokwama baadaye, na sikio linakumbuka. Neno dogo la upendo linapofika hatimaye, unajua limegharimu nini. Sidhani kundi la waigizaji kumi lingeweza kutupa hilo.

Udhaifu wake? Ugomvi wa haraka. Wapenzi wanaporushiana maneno bila kupumua, mtu mmoja lazima abadilishe gia kila sekunde mbili, na hata hodari hupunguza kasi kidogo. Halafu kuna suala la ladha ya sauti. Utakuwa na koo hilo moja kwa saa nyingi, kwa hiyo likikuudhi sura ya kwanza, usijipe moyo kwamba utalizoea.

Wawili wanaopokezana sura

Hapa mwanamke husoma sura zinazosimuliwa na mhusika wa kike, mwanamume husoma za mhusika wa kiume. Namna hii imepata nguvu kwa sababu riwaya nyingi za mapenzi za leo huandikwa kwa nafsi ya kwanza na wapenzi hupokezana kusimulia. "Nilifungua mlango" anasema yeye. Sura inayofuata, "Nilisimama nje dakika tano kabla ya kugonga" anasema mwenzake. Kila moyo umepewa koo lake. Siri zinazofichwa kwa mwenzi tunaambiwa sisi, tena kwa sauti ya karibu, kana kwamba msemaji ameketi pembeni yetu. Kwa nafsi ya kwanza hakuna namna rahisi zaidi kwa anayeanza.

Kuna jambo moja ambalo huwashtua wasikilizaji wapya. Katika sura za mwanamke, ni yeye anayetoa hata maneno ya mwanamume. Sura ikibadilika, yule mwanamume sasa ana sauti nyingine kabisa, na mwanamke tuliyemzoea anaigizwa na mwanamume. Neno letu "Umerudi" tumelisikia likisemwa na mwenyewe kwa uchungu. Likirudiwa katika kumbukumbu za mpenzi wake linasemwa na koo zito la kiume. Kwa mtu mwenye sikio kali inakera saa ya kwanza, kisha akili hukubali. Mimi nimefika mahali nalipenda jambo hilo, kwa kuwa ndivyo tunavyowabeba watu vichwani mwetu: katika kumbukumbu zetu, mpenzi husema kwa sauti tuliyompa sisi.

Ubaya halisi uko kwingine. Mara nyingi wasimulizi hawa hurekodi mbalimbali, kila mmoja katika studio yake, pengine bila kukutana. Wasipopatana mapema kuhusu matamshi ya majina, lafudhi na tabia za wahusika, jina la mji litatamkwa hivi sura ya tatu na vile sura ya nne. Na mmoja akiwa hodari kuliko mwenzake, utajikuta unazivumilia sura za mmoja ili uzifikie za mwingine. Kwa hiyo usipime msimulizi mmoja tu. Pima wote wawili.

Wawili wanaojibizana

Huku kila mmoja hushika maneno ya mhusika wake kitabu kizima, hata sura ikiwa ya mwenzake. Mwanamke anasimulia, mlango unagongwa, anasema "Umerudi", na anayejibu "Nimerudi" ni mwanamume mwenyewe. Mara ya kwanza kusikia nilisimamisha kazi niliyokuwa nikiifanya. Utani na mabishano hupata uhai ambao namna nyingine huukosa, na hata kukatizana maneno, jambo ambalo kwenye karatasi halina alama ya kutosha, hapa linasikika kweli.

Ikitengenezwa vizuri, haina mpinzani kwa riwaya za maadui wanaopendana, za wapinzani kazini, na zote ambazo mapenzi hukua kwa midomo kushindana. Ila kuitengeneza ni kazi kubwa. Hata kwa msimulizi mmoja, saa moja iliyokamilika huchukua takriban saa mbili mbele ya kipaza sauti kabla mhariri hajaigusa. Kwa wawili wanaojibizana, mhariri anashona mamia ya vipande ili kila jibu liangukie mahali pake. Ndiyo maana matoleo ya aina hii ni machache zaidi.

Mshono ukiwa mbaya, hasara ni kubwa kuliko katika namna nyingine zote. Swali linaulizwa kwa hasira, jibu linakuja likiwa limepoa kwa sababu mwenye kulijibu alirekodi peke yake siku nyingine, bila kuisikia hasira hiyo. Chumba cha mmoja kina mwangwi, cha mwingine hakina. Kisha lile "alisema" linalobaki kwa msimulizi huingia kati ya wapenzi kama mtu aliyepita katikati ya watu wanaoongea. Ukiyasikia haya kwenye kionjo, yaani kile kipande cha kujaribia kabla ya kununua, achana na kitabu hicho.

Upo pia ukaribu wenyewe. Tukio la faragha likisomwa na mtu mmoja hubaki simulizi. Likitolewa na sauti mbili zinazopumua na kuitana, wapo wanaohisi wanasikiliza nyuma ya mlango wa watu. Wengine husema hicho ndicho walichokuja kukifuata. Hakuna aliyekosea, ila ni vyema ujijue kabla hujavaa spika za masikioni ndani ya basi.

Kundi zima, muziki na milio

Matoleo haya ni ndugu wa michezo ya redio. Kila mhusika ana mwigizaji wake, nyayo zinasikika, mvua inanyesha, muziki unapanda. Kampuni ya GraphicAudio ya Marekani imejikita katika kazi za aina hii. Kwa riwaya ya mapenzi yenye vita, majoka na falme, ambamo wahusika ni wengi na mara nyingi wako mbioni, inafaa sana, na kwa mtu ambaye akili yake hutangatanga akisomewa ni msaada mkubwa.

Kwa tukio letu la mlangoni siipendekezi. Mlango halisi unalia kwenye bawaba zake, mvua halisi inamwagika, na lile neno moja lililohitaji utulivu linagombania nafasi. Pia angalia kama maandishi yamepunguzwa: mara nyingi maelezo kama "alisema huku akigeuza uso" huondolewa kwa kuwa mwigizaji anatakiwa ayaonyeshe kwa sauti. Ukiwa mtu wa kupenda maelezo ya mwandishi, utakuwa umepungukiwa.

Sauti ya mashine

Mwanzoni mwa 2023 Apple ilitangaza hadharani vitabu vinavyosomwa na sauti za kompyuta, na riwaya za mapenzi zilikuwa miongoni mwa aina za kwanza kuhudumiwa. Tangu hapo zimeongezeka kwenye maduka mengi. Matamshi ni safi na kasi haiyumbi. Kwa kitabu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukirekodi, na kwa msomaji asiyeona ambaye vinginevyo angekikosa kabisa, naziheshimu. Lakini mashine hunyamaza kwa sababu imekuta nukta. Msimulizi hunyamaza kwa sababu mhusika ameshindwa kuendelea. Nimejaribu kuupuuza ukimya huo wa nukta na sijaweza. Soma maelezo ya kitabu kabla ya kukichukua. Mahali pa jina la msimulizi pataonyesha kama ni sauti ya kompyuta.

Bure au kwa malipo

Hapa nitakuwa mfupi. LibriVox, iliyoanzishwa 2005, ina wasomaji wa kujitolea wanaorekodi vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha, na kusikiliza ni bure. Pride and Prejudice ya Jane Austen, ya 1813, ipo humo kwa matoleo kadhaa. Kuwa mwangalifu na jambo moja tu: baadhi ya matoleo ya LibriVox husomwa na kikundi, kila sura mtu wake. Kwa kitabu cha historia si neno. Kwa mapenzi ni balaa, maana mpenzi uliyeanza kumzoea hubadilika koo kila baada ya nusu saa. Tafuta toleo la msomaji mmoja, au lile la maigizo ambamo kila mhusika ana mtu wake mwanzo hadi mwisho.

Riwaya hiyo hiyo imesomwa nzima pia na mwigizaji Rosamund Pike, aliyeigiza Jane Bennet, dada mkubwa wa mhusika mkuu, katika filamu yake ya 2005. Ukitaka kujua kwa masikio yako tofauti kati ya kusoma kwa sauti na kuigiza, chukua sura moja, isikilize kwa msomaji wa kujitolea, kisha kwake. Baadhi ya wale wa kujitolea ni wazuri kwelikweli, na hilo nalo utalisikia. Kama maktaba unayotumia imeunganishwa na programu ya Libby, unaweza kuazima matoleo ya wasimulizi wa kulipwa bila kununua.

Jinsi ya kupima kabla ya kuchukua

Maduka hutoa kionjo cha dakika chache, kwa kawaida mwanzo wa kitabu. Tatizo ni kwamba mwanzo wa riwaya mara nyingi ni maelezo matupu, na karibu kila mtu husoma maelezo vizuri. Subiri wahusika waongee. Msikilize msimulizi akitoa sauti ya jinsia isiyo yake. Msikilize akicheka, maana kicheko cha kulazimisha ni dalili ya kwanza ya mtu anayesoma maneno badala ya kumwishi mhusika. Sikiliza kama mate na midomo inasikika, kwa sababu kero ndogo ya dakika tatu haivumiliki kwa saa kumi.

Saa kumi si kadirio la kutisha tu. Usimulizi wa Kiingereza hutembea takriban maneno 9,300 kwa saa, kwa hiyo riwaya ya maneno 90,000 hukaribia saa kumi, muda mrefu kuliko ambao wengi wangetumia kuisoma kwa macho. Ndipo watu hukimbilia kuongeza kasi. Kwa msimulizi mmoja anayeenda taratibu, kupandisha hadi mara 1.2 ya kasi ya kawaida hakuharibu kitu. Kwa wawili wanaojibizana singegusa, kwa kuwa mdundo wa majibizano ndio uliokupeleka kwao. Na kama programu yako ina kitufe cha kufupisha ukimya, kizime. Kimewekwa kwa ajili ya mazungumzo na habari. Katika mapenzi, ule ukimya kati ya "Umerudi" na "Nimerudi" ndio tukio lenyewe, na kitufe kile hukufutia bila kukuambia.

Ukishampata msimulizi anayekugusa, tafuta kwa jina lake badala ya jina la mwandishi. Wasikilizaji wa muda mrefu hufanya hivyo. Kuna watu watasikiliza chochote alichosoma Julia Whelan, aliyeanza kuigiza akiwa mtoto, au Andi Arndt, au Sebastian York. Nimekutana na waandishi ninaowapenda mno kwa njia hiyo, waandishi ambao majalada ya vitabu vyao nisingeyatazama mara mbili. Tuzo za Audie, zinazotolewa Marekani na chama cha wachapishaji wa vitabu vya sauti tangu 1996, zina kundi la riwaya za mapenzi, na orodha ya walioteuliwa kila mwaka ni mahali pazuri pa kuwindia majina.

Basi, nikisimama upande wako: kama kitabu kimeandikwa kwa nafsi ya tatu na mapenzi yake ni ya kuiva taratibu, chukua msimulizi mmoja na umchague kwa makini kuliko kitabu. Kama ni nafsi ya kwanza kwa zamu, chukua wawili wanaopokezana. Kama wapenzi ni wa kurushiana maneno na umepata toleo la majibizano lenye mshono safi, usisite. Kundi zima liwe la safari ndefu yenye wenzako ndani ya gari na kitabu chenye vita.

Na kama hujawahi kusikiliza hata kimoja, usianze na kitabu kigeni. Chukua riwaya ya mapenzi uliyokwisha kuisoma kwa macho na kuipenda, ruka moja kwa moja hadi sura wanayogombana, na uisikilize hiyo peke yake ukiwa mahali pasipo na kelele.